Jaketi la Theluji, Vumbi la Naivasha: Vidokezo 12 vya Kuvalia Safari Rally

Steamboat Springs, mji wa kuteleza kwenye theluji huko Colorado, Marekani, umekuwa na sherehe yake ya majira ya baridi tangu 1914. Breckenridge, mji mwingine wa jimbo hilohilo, humshangilia Ullr, mungu wa theluji katika hadithi za kale za Skandinavia, na watu wazima wenye kazi zao na mikopo yao hutoka barabarani wamevaa kofia zenye pembe. Hakuna anayewauliza kulikoni. Ni sikukuu ya mji, na mji umekubaliana kuvaa vituko.

Sisi wa Bonde la Ufa hatuna theluji ya kutelezea. Tuna Vasha, yaani Naivasha ya wakati wa Safari Rally.

Safari Rally ilianza 1953 kwa ajili ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, ikawa miongoni mwa mashindano magumu kuliko yote duniani, kisha baada ya 2002 ikatolewa kwenye ratiba ya ubingwa wa dunia. Iliporudi Juni 2021, makao yake makuu yakawa Naivasha. Tangu hapo, mara moja kwa mwaka, Kaunti ya Nakuru hugeuka uwanja mmoja mkubwa wa magari, nyama choma, muziki na mavazi. Ndiyo, mavazi. Wapo wanaojua nani anaongoza kwa sekunde ngapi, na wapo waliojua tangu Krismasi watavaa nini.

Na kwenye umati huo, mgeni anayekonga nyoyo ni jaketi la theluji: lile pana, la rangi zinazopigana, lililoshonewa kijana wa kuteleza na ubao kwenye milima ya Ulaya au Marekani, likaishia kwenye robota la mitumba na kushuka Kenya. Wahudumu wa bodaboda wa Molo na Nyahururu waligundua ubora wake zamani. Sasa ni zamu yako. Haya hapa mambo ya kuzingatia.

1. Sikiliza hewa kabla ya kusikiliza mitindo

Naivasha iko takriban mita 1,880 juu ya usawa wa bahari. Alfajiri ukisubiri magari kwenye njia za mashindano za Loldia au Kedong, meno yatagongana. Kufikia saa sita mchana jua la ikweta litakuwa linakukaanga. Saa kumi na mbili jioni baridi inarudi kudai deni lake.

Kwa hiyo vaa kwa tabaka: fulana ya pamba ndani, sweta nyepesi juu yake, kisha jaketi. Kila saa uvue au uongeze. Kumbuka pia kwamba kati ya 2021 na 2023 mashindano yalifanyika Juni, msimu wa baridi kavu na vumbi. Mwaka 2024 yalihamia mwishoni mwa Machi, na 2025 yakafanyika Machi vilevile, wakati masika yanabisha hodi. Mavazi ya Machi lazima yajue vumbi na yajue tope, wakati mwingine siku moja.

2. Nunua mapema, na ufike robota likifunguliwa

Wiki ya rally kila muuzaji anajua unachotafuta, na bei inajua pia. Jaketi zito linunuliwe Januari, jua likiwa kali na hakuna mwenye haja nalo. Muuzaji amechoka kulikunja na kulikunjua, mtaelewana.

Uwe Gikomba au kwenye masoko ya mitumba ya Nakuru mjini, muulize mwenye kibanda siku anayofungua robota la majaketi mazito. Ukifika asubuhi hiyo utapata kamera, yaani zile za kuchaguliwa mwanzo, zipu zote zikiwa hai. Ukifika siku tatu baadaye utakuta fagia, yaani masalio, na fagia ina uhondo wake: ndiko yanakobaki majaketi ya ajabu kabisa ambayo hakuna mtu mwenye akili timamu aliyethubutu kuyachukua. Kwa sherehe hii, hayo ndiyo unayoyataka. Cha msingi ni kutofautisha la ajabu na bovu, na hapo twende kidokezo kinachofuata.

3. Likague kama mnunuzi wa gari

Jaketi halisi la theluji lina vitu ambavyo jaketi la kawaida halina, na vyote vina kazi Naivasha.

Anza na zipu kubwa: ipandishe na kuishusha mara kadhaa. Zipu mpya pamoja na kazi ya fundi huweza kuzidi bei ya jaketi lenyewe. Kisha geuza nje ndani. Ukiona utando wa ndani unabanduka vipandevipande, kinga yake ya maji imekwisha. Liache hata kama rangi imekuteka. Tazama mishono: yenye utepe uliobandikwa juu yake huzuia maji yasipenye kwenye matundu ya sindano.

Tafuta zipu za kwapani. Ukizifungua saa sita mchana, joto hutoka bila kulazimika kuvua jaketi. Mwisho, tafuta ile sketi fupi yenye mpira iliyoshonwa ndani usawa wa kiuno. Wazungu waliiweka izuie theluji isipande mgongoni mtu anapoanguka. Wewe utaitumia kwa jambo jingine.

4. Valia vumbi la Kedong

Madereva wa dunia nzima wakitajiwa Kedong hukunja uso. Pale kuna vumbi wanaloliita fesh-fesh, laini kuliko unga wa ngano, linalojaa kwenye mitaro ya magurudumu na kufanya injini ziishiwe pumzi. Magari yanayoshiriki hufungiwa bomba maalumu la kuvutia hewa kutoka juu. Wewe huna bomba. Una jaketi.

Funga ile sketi ya ndani, kaza kamba za chini, bana mikono kwenye viganja, pandisha kola hadi kidevuni. Vumbi litakupita. Usoni funga leso ya pamba iliyoloweshwa kidogo. Miwani mikubwa ya theluji, ile inayobana uso mzima, ni kinga nzuri kupita miwani ya jua, maana haina mlango wa pembeni. Ila chagua yenye kioo kisicho cheusi sana, na uangalie sifongo yake kabla ya kulipa: ikishazeeka hubaki shavuni ikawa kama umejipaka masizi.

Rangi? Nyeupe ni ya kuthubutu tu. Itaingia Kedong nyeupe na itatoka kahawia.

5. Miguuni, gambuti ni mfalme

Viatu vya ubao wa theluji hupatikana mitumbani, na vinapendeza sana kwenye picha. Tatizo lake ni kutembea. Vimetengenezwa vishike mguu kwenye ubao, na kutoka mahali pa kuegesha gari hadi kwenye eneo la watazamaji kunaweza kuwa safari ya kilomita kadhaa.

Mkulima wa Njoro na Mau Narok ana jibu tayari: gambuti. Haliogopi tope, haliogopi umande, huoshwa kwa maji ya debe moja. Lipake rangi, libandike nambari ya gari la dereva unayempenda, livae na soksi nene za sufu. Kama mvua haijanyesha, raba kuukuu zenye soli nzito zinatosha. Akala ziache kambini kwa ajili ya jioni. Vumbi la Kedong na vidole vilivyo wazi havipatani.

6. Kichwa kipate kofia mbili

Asubuhi vaa boshori. Lenye kitufe cha nyuzi juu ndilo linaloendana na mtindo wa theluji, na ukimpa mama anayefuma nyuzi za rangi za bendera atakutengenezea lisilo na ndugu.

Mchana livue, uvae kofia yenye ukingo mpana. Hewa ya mwinuko huu ni nyembamba na jua lake halina huruma, hata mawingu yakiwepo.

Na kama unashuka kutoka Nairobi kwa barabara ya zamani ya Mai Mahiu, simama kwenye vibanda vya ukingoni mwa mteremko, pale watu wanapopiga picha za bonde. Kofia za manyoya ya kondoo zenye masikio zimekuwa zikiuzwa hapo miaka na miaka, na madereva wa malori ni mashahidi wa joto lake. Hakuna mji wa theluji unaoweza kukuuzia kitu chenye kuchekesha na chenye manufaa kwa mpigo mmoja namna hiyo.

7. Mzaha uwe na asili

Kuvaa jaketi la theluji kwenye ikweta ni nusu ya kichekesho. Nusu ya pili ni hadithi unayoibeba, na Kenya ina hadithi za theluji kuliko watu wanavyodhani.

Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ya Nagano, mwaka 1998, ndiyo iliyoupokea mchezo wa ubao wa theluji kwa mara ya kwanza. Michezo hiyohiyo ilimpokea Philip Boit, mkimbiaji wa mbio za kati kutoka Bonde la Ufa aliyekwenda Finland kujifunza kuteleza. Katika mbio za kilomita 10 alimaliza wa mwisho. Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, alikataa kuondoka kwenye mstari wa mwisho hadi Boit afike, akamkumbatia. Boit baadaye alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Nambari ya Boit mgongoni mwa jaketi lako, pamoja na kengele ya ng'ombe mkononi ya kushangilia, na tayari una vazi lenye maana.

Au mkumbuke McRae Kimathi, dereva wetu kijana ambaye Februari 2022 alishindana kwenye rally ya Sweden, juu ya barafu, miezi michache kabla ya kurudi kwenye vumbi la nyumbani. Au ile Septemba ya 2008, mvua ya mawe ilipofunika mteremko mzima wa kilima karibu na Nyahururu, na wakazi, wakubwa kwa wadogo, wakatoka kucheza wakiamini theluji imewatembelea. Kikundi cha marafiki sita kinaweza kujiita Klabu ya Theluji ya Nyahururu na kikaeleweka bila maelezo.

Ukipenda historia ya rally yenyewe, wapo Joginder Singh, aliyeshinda 1965, 1974 na 1976, na Shekhar Mehta, aliyeshinda mara tano kati ya 1973 na 1982. Yupo pia Maxine Wahome, ambaye mwaka 2022 alishinda daraja la WRC3 hapahapa Naivasha. Jina mgongoni, nambari kifuani, basi.

8. Mpe fundi kazi

Jaketi la mtumba likibaki lilivyotoka robotani, umevaa mzaha wa mtu mwingine. Mpelekee fundi wa cherehani. Abandike kiraka cha shuka ya Kimaasai kwenye viwiko, ashone kitambaa cha kitenge ndani ya kofia, apunguze mikono iliyokusudiwa majitu. Suruali ya theluji yenye mikanda ya begani ikate magotini kama mchana ni wa joto; hiyo tayari ni dangirizi ya sherehe. Ovaroli ya makanika nayo inafaa sana: rangi ya samawati, viraka vya matangazo ya kubuni ya biashara za mtaani kwenu, kuanzia kinyozi hadi muuza mutura. Mwenye kibanda cha mutura atakuhudumia kwa heshima mwaka mzima.

Mpe fundi muda wa wiki mbili. Wiki ya mwisho ana sare za shule na harusi za watu.

9. Epuka kombati, na usijifanye msimamizi

Majaketi mengi ya ubao wa theluji huja na madoadoa ya kijeshi. Yapite. Sheria ya Kenya inamkataza raia kuvaa sare za jeshi, na askari aliyesimama juani tangu alfajiri hatakuwa na hamu ya kusikiliza kwamba vazi lako lilitoka Austria kwa ajili ya michezo.

Vivyo hivyo, vizibao vinavyong'aa waachie wasimamizi wa njia wakati mashindano yanaendelea. Dereva anayekuja kwa kasi na umati uliokaa vumbini wote wanawategemea wao kujua pa kusimama. Ukivaa kama wao, mtu anaweza kukufuata mahali pasipofaa. Na uvae chochote, kaa nyuma ya utepe. Gari la rally likipoteza njia haliulizi nani amependeza.

10. Kumbuka uko nyumbani kwa wanyama

Hell's Gate, ambako mashindano hufikia kilele chake, ni hifadhi ya taifa. Soysambu, ambako magari pia hupita, chini ya kilima cha Sleeping Warrior, ni makao ya twiga na ndege wa Ziwa Elmenteita, na ziwa hilo limo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2011. Kwa hiyo acha nyumbani vile vipande vya karatasi za kumetameta, manyoya bandia yanayopukutika na shanga zilizofungwa kwa uzi dhaifu. Kinachodondoka kwako kitaokotwa na swala.

Plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku kwenye hifadhi za Kenya tangu Juni 2020. Beba chupa ya chuma. Ibandike stika zako zote za rally nayo iwe sehemu ya vazi.

11. Gawa mifuko yako kazi

Kwenye mkono wa kushoto wa majaketi mengi ya theluji kuna kimfuko kidogo cha zipu, kilichowekwa kwa ajili ya kadi ya kupandia lifti za mlimani. Hapo tia kitambulisho na tiketi. Mfuko wa ndani kifuani ni wa simu; wezi wa sherehe hawapendi kuhangaika na zipu mbili. Mfuko wa nje uwe wa karanga, karatasi ya shashi na leso ya akiba.

Beba noti ndogondogo kiasi. Watu wote wakitumia mtandao kwa wakati mmoja porini, malipo ya simu huweza kukwama, na mama wa chai ya tangawizi hawezi kukukopesha kwa sababu tu umevaa miwani ya theluji.

12. Jioni, badilisha mavazi na tabia

Giza likiingia, barabara ya Moi South Lake hujaa magari, pikipiki na watembea kwa miguu, wote wakielekea kwenye muziki. Huu sasa ndio wakati wa kizibao kinachong'aa. Kivae juu ya jaketi, hasa kama unatembea au umepanda bodaboda.

Kama umepiga kambi kando ya Ziwa Naivasha, usitangetange ufukweni usiku. Viboko hutoka kula majani saa hizo, na kiboko hatishwi na rangi za jaketi. Kunywa kwa kiasi, jua utarudije kabla hujaondoka, na mwenye gari akabidhi funguo kwa aliyekunywa soda.

Baada ya sherehe, osha jaketi kwa maji baridi na sabuni kidogo, bila ile dawa ya kulainisha nguo, maana huua uwezo wake wa kukataa maji. Lianike kivulini penye hewa. Kama ni la manyoya ya ndege, lipigepige kwa mkono hadi mabonge yaachane.

Kisha usilifungie kabatini likasubiri mwaka mwingine. Livae Julai, ukungu ukishuka Menengai, au mpe kijana wa bodaboda anayewahi abiria saa kumi na moja alfajiri. Kipimo cha vazi la Vasha ni hiki tu: likichekesha watu Jumamosi, lifanye kazi Jumatatu. Lisilofaa kwa lolote kati ya hayo mawili, mwachie muuzaji.